Jicho la Ndege Juu ya Ugogo

Mwaka 1842 mpigapicha Mfaransa aliyeishi London, Antoine Claudet, alipandisha kamera zake juu ya nguzo ya Duke of York akaupiga picha mji pande zote, paa kwa paa na dohani kwa dohani. Picha zake zilitokea kwenye bamba la fedha, nakala moja tu, wala hapakuwa na njia ya kuzichapa gazetini. Basi wachoraji wakazinakili juu ya vibao vya mti, wachongaji wakachonga, na Januari 1843 gazeti la Illustrated London News, ambalo Herbert Ingram alikuwa amelianzisha Mei iliyotangulia, likawapa wasomaji wake waliojiandikisha zawadi: karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita moja, London yote imelala chini ya macho yao. Aliyepanga chumba kimoja uchochoroni, asiyeona dirishani ila ukuta wa jirani, akatundika mji mzima juu ya kitanda chake.

Wengine hawakukubali kuachwa nyuma. L'Illustration la Paris na Illustrirte Zeitung la Leipzig yalizaliwa mwaka uleule wa 1843. Harper's Weekly likatoka New York mwaka 1857. The Graphic likafuata London mwaka 1869, na mwaka 1884 likatoa London kama inavyoonekana kutoka kwenye puto, kazi ya W. L. Wyllie na H. W. Brewer. Mji ulioungua, mji uliozingirwa na majeshi, mji uliofungua reli, kila mmoja ulichorwa kutoka angani, ukakunjwa katikati ya gazeti, ukapelekwa kwa posta mpaka makoloni ya mbali.

Leo karatasi hizo zina watu wazikusanyao, na ninaandika kuwasifu watu hao. Ninaandika kutoka Dodoma, mji ambao hakuna hata gazeti moja kati ya hayo lililowahi kuuchora katika karne ile, kwa sababu isiyohitaji utafiti: haukuwapo. Wajerumani walianzisha kituo hapa mwaka 1907 walipokuwa wakijenga Reli ya Kati, na garimoshi likafika 1910. Karne ya 19 iliikuta nchi hii ikiwa Ugogo, nchi ya njia ya misafara, mibuyu, ng'ombe na tembe. Sasa mkazi wa Ugogo ana haki gani ya kujishughulisha na ramani za miji ya jicho la ndege? Naona ana haki kuliko wengi, na nitaeleza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hakuna ndege katika ramani za jicho la ndege, na mara nyingi hapakuwa na puto pia. Wachoraji wa Marekani waliochora miji midogo kwa mamia, watu kama Albert Ruger na Thaddeus Fowler, waliingia mjini kwa miguu. Walitembea mtaa kwa mtaa na daftari mkononi, wakichora nyumba moja moja: hii ina ghorofa mbili, ile ina baraza, hili ni kanisa, kile ni kiwanda cha ngozi. Kisha walikaa chumbani, wakachora gridi ya barabara iliyolazwa kwa mshazari kana kwamba mtazamaji yuko juu upande mmoja, wakaziweka nyumba zao mahali pake. Yaani aliyeonekana kuwa mawinguni alikuwa na vumbi mpaka magotini. Alijua ni nani ana ghala na ni nani ana banda la kuku, na mwenye ghala, akilipa kidogo, alichorewa ghala kubwa zaidi.

Mkusanyaji hodari huifanya safari hiyo kinyumenyume. Mchoraji alitoka mtaani akapanda juu; mkusanyaji huanzia juu akashuka mpaka mtaani. Ana kioo cha kukuzia, ana taa, ana subira, na kazi yake ni kuuliza chapa iliyo mbele yake maswali ambayo mchapaji hakutegemea kuulizwa.

Chukua chapa ya pwani ya Unguja iliyotoka katika gazeti la Kiingereza miaka ya 1870, ya kurasa mbili. Kwa macho matupu ni mandhari tu: nyumba nyeupe zimepangana ufukweni, bendera za balozi, majahazi yametia nanga, mtumbwi mmoja mbele ili mtazamaji apate kipimo cha ukubwa. Weka lenzi. Utaona mstari mwembamba mweupe, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, unashuka kutoka mawinguni, unapita katikati ya tanga la jahazi, unazama baharini. Upande wa kushoto wa mstari mawimbi ni mafupi na yamebanana. Upande wa kulia ni marefu, yamelegea, ya mtu mwingine kabisa. Hapo vibao viwili vilikutana. Mti uliotumika ulikuwa mgumu mno na wenye nyuzi laini, ukiletwa kutoka Uturuki na nchi za Bahari Nyeusi, lakini shina lake ni jembamba, kwa hiyo kibao kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono. Picha kubwa ilitaka vibao vingi vilivyofungwa pamoja kwa skurubu. Mchoro ukikamilika, skurubu zilifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, wakachonga usiku kucha ili gazeti liwahi. Fundi mkuu alitangulia kuchonga ile mistari inayovuka maungio ili vipande visipishane. Usiku ule, katika jahazi letu, hakufanikiwa vizuri.

Napenda kosa lile kuliko picha nzima. Mkono wa mtu umebaki pale, na wa mwenzake pembeni, na hakuna jina lao popote kwenye karatasi.

Lenzi hiyohiyo ndiyo hakimu wa uhalali. Stone Town, Mombasa, hata Dar es Salaam, mtalii huuziwa chapa za zamani zilizotiwa maji ya chai zikapata rangi ya uzee. Muuzaji anaapa kwa mama yake. Tazama kwa karibu: chapa ya kibao ni mistari, wino umekaa mzito, karatasi imeminywa kidogo; nakala ya mashine ya kisasa ni nukta, maelfu ya nukta ndogo zilizopangwa kama mashamba ya mkonge. Nukta zikionekana kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1873, mrudishie mwenyewe na umwage chai yako nyingine. Geuza pia upande wa pili. Chapa halali mara nyingi ina habari nyuma yake, labda hotuba ya bungeni, tangazo la dawa ya kikohozi, matokeo ya sataranji. Na kama picha ina rangi nzuri ya samawati na manjano, jua kuwa kwa magazeti mengi ya wakati huo rangi ilitiwa baadaye na muuzaji, kwa sababu picha yenye rangi hununuliwa haraka. Sioni ubaya wa rangi yenyewe. Ubaya ni kuambiwa ilizaliwa nayo.

Lenzi peke yake haitoshi. Lazima uujue mji. Hapa ndipo Mswahili anapomzidi mkusanyaji wa ng'ambo. Chapa ya Unguja isiyo na tarehe, ambayo kichwa cha ukurasa kimekatwa na muuzaji asiyejali, bado inaweza kutajiwa umri wake na mtu anayeujua ufukwe ule. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Isipoonekana, chapa ni ya kabla ya hapo. Ikionekana, na mbele yake umesimama mnara wa peke yake wenye saa na taa, basi tuko kati ya mwaka huo na tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipolipiga kasri kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibiwa, na baadaye saa ikapata mnara mpya kwenye Beit al-Ajaib yenyewe. Kanisa Kuu la Waanglikana pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, lilianza kujengwa mwaka 1873. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu haikuwapo mpaka miaka ya 1890. Kwa majengo manne tu umeshaipa karatasi umri wake. Na tangu Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, chapa hizi zimepata kazi nyingine ambayo wachapaji hawakuiwaza: mafundi wa ukarabati wana kitu cha kulinganishia.

Pwani yetu, kwa kweli, ilichorwa kwa jicho la ndege mapema kuliko magazeti yote niliyoyataja. Mwaka 1572, Köln, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu la kwanza la kitabu chao kikubwa cha miji ya dunia, na ndani yake kuna ukurasa mmoja wenye miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa inaonekana na majengo marefu na minara, ikitazamwa kutoka baharini na juu kidogo. Ni picha nzuri, na ni picha ya kusikitisha ukijua tarehe. Wareno chini ya Francisco de Almeida walikuwa wameivamia na kuipora Kilwa mwaka 1505. Miaka 67 baadaye, mchoraji mezani kwake anauchora mji ukiwa katika fahari yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Karatasi hiyo ni ya wenye nacho. Sisi wengine tunatosheka na chapa za magazeti, ambazo mtumishi wa kawaida akijibana anaweza kupata moja moja kwenye minada ya mtandaoni.

Sasa tuingie bara. Hapa mkusanyaji hukumbana na jambo la kushangaza: kadiri unavyoiacha bahari, miji hupungua kwenye karatasi, ingawa haikupungua ardhini. Unguja iliingia magazetini kila Uingereza ilipokuwa na haja nayo: Sir Bartle Frere alipokuja kwa ajili ya mkataba wa biashara ya watumwa mwaka 1873, Barghash alipoitembelea London mwaka 1875, mizinga ilipolia mwaka 1896. Bara liliingia pale tu Mzungu alipolipita. Burton na Speke walikatiza Ugogo mwaka 1857 wakielekea Tabora, ambayo wakati huo wageni waliiita Kazeh. Speke akarudi na Grant mwaka 1860. Stanley mwaka 1871. Cameron mwaka 1873. Jarida la Le Tour du Monde la Paris lilizichapa safari hizo kwa picha nyingi zilizochorwa na wasanii mahiri ambao hawakuwahi kuikanyaga nchi hii. Msafiri alileta mchoro wa penseli na maneno. Msanii wa Paris akauvalisha anga, kivuli na watu. Ndiyo maana mkusanyaji wa nyanda za kati hutazama miti kwanza. Mbuyu huu umechorwa na aliyeuona, au na aliyesimuliwa? Matawi yake yakipanda juu kama ya mwaloni, umeshapata jibu.

Miji ya bara iliyobahatika ni michache. Stanley, mwaka 1871, alipita Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, akasimulia ngome ya mawe yenye minara pembeni na nyumba zilizobanana ndani yake. Aliporudi mwaka uliofuata, baada ya dhoruba kubwa na mafuriko ya 1872, alikuta maji yamechukua sehemu kubwa ya alichokuwa amekisimulia. Kitabu chake cha 1878 kina chapa ya Rubaga, makao mapya ya Kabaka Mutesa, iliyo karibu na jicho la ndege kuliko nyingi za bara: kilima, nyua juu ya nyua, na barabara pana iliyonyooka ikipanda mpaka kileleni. Mutesa alikuwa na kilima, na kilima kinamsaidia mchoraji kazi.

Ugogo haikumsaidia. Wageni walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi, na malalamiko yao ndiyo yaliyojaza kurasa. Mtozwa ushuru haoni uzuri wa nchi. Lakini sababu ya ndani zaidi naiona katika nyumba. Tembe ni ndefu, kimo chake kifupi. Kuta ni miti na udongo, juu ni magogo na fito, na juu ya fito ni udongo tena, umesawazishwa na kushindiliwa. Nyumba huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Ukiwa mbele yake unaona ukuta, mlango, moshi, watoto. Panda juu ya jabali lililo jirani, na Ugogo ina majabali mengi, utazame chini: paa lina rangi ya ardhi, na wakati wa masika huota majani kama ardhi. Kijiji cha watu mia kadhaa kinageuka kuwa mistari hafifu kwenye vumbi. Mchoraji aliyezoea minara, dohani na milingoti angeweka penseli chini akasema hapa hapana kitu.

Jicho la ndege huona kinachosimama. Ndiyo sababu napendekeza kwa yeyote aanzaye kazi hii hapa kwetu kwamba asikusanye picha za miji peke yake. Akusanye pia nafasi tupu. Ramani aliyoitengeneza mmisionari Jakob Erhardt na mwenzake Rebmann, iliyochapwa mwaka 1856 katika jarida la Petermann la Gotha, inaonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. London walicheka, kisha wakamtuma Burton akahakikishe. Lakini Erhardt aliipata kwa kukaa Tanga na kuwauliza watu wa misafara, waliokuwa wameenda na kurudi kwa miguu yao. Walichomwambia kilikuwa kweli vipandevipande. Maziwa matatu yaliunganishwa kuwa moja. Kwangu mimi ramani ile ni ya jicho la ndege zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa imejaa macho ya wapagazi. Miongo minne baadaye, Wajerumani walipoanza kutoa karatasi zao za 1:300,000, chini ya Richard Kiepert na kisha Sprigade na Moisel, njia za misafara zilikuwa mistari myembamba yenye majina ya watemi na visima. Karatasi hizo hazina hata nyumba moja iliyochorwa, lakini mzee wa Bahi au Manyoni akisomewa majina yake huanza kusimulia.

Niseme kidogo juu ya utunzaji, maana wengi huharibikiwa hapo. Dodoma ina bahati. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nayo huisha Aprili. Ukungu unaokula karatasi kule Tanga na Unguja hapa hauna nguvu. Karatasi za mwanzo za magazeti yale zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na hustahimili. Zile za baadaye, za rojo la mti, zina asidi ndani yake, hugeuka manjano na kukatika zikikunjwa, hasa kwenye ukavu wetu. Adui mkuu, hata hivyo, ni mchwa. Fundi fremu wa mtaani atakuwekea kioo safi mbele na plaiwudi nyuma, na plaiwudi ni mlango wa mchwa. Siku moja utakuta kioo kizima, fremu nzima, na London imeliwa mpaka mto Thames. Chapa ilale bapa kwenye sanduku la bati, kila moja ndani ya karatasi isiyo na asidi, au ukikosa, ndani ya marekani iliyofuliwa mara nyingi bila dawa ya kung'arisha. Ni kitambaa kilekile kilichobebwa kwa marobota kulipia hongo hapahapa Ugogo. Selotepu, usiiguse. Na kwa jina la Mungu usiipeleke stesheneri kulaminishwa. Vyeti vya kuzaliwa vya nchi hii vimeteseka vya kutosha.

Lipo pia suala la dhamiri. Chapa nyingi sokoni zilitoka katika majuzuu yaliyojalidiwa, na muuzaji aliyachana kwa wembe ili auze kurasa moja moja. Kila chapa inayotundikwa ukutani ni gazeti lililovunjwa. Wapo wakusanyaji wasemao hilo ni lazima, kwamba juzuu zima halina mnunuzi. Mimi nasema nunua zilizokwisha kuchanwa ukipenda, lakini juzuu zima likikufikia mikononi, liache zima, na ukurasa wenye tarehe usiukate pambizo hata kama fremu ni ndogo. Ununue fremu nyingine.

Nilisema mkazi wa Dodoma ana haki kuliko wengi, na sasa nifike hapo. Miji mingine ilijengwa, kisha ikachorwa kutoka juu. Huu tunaoishi ulichorwa kutoka juu, kisha ukaanza kujengwa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ikakabidhi mpango kabambe: mji wa majengo ya kimo kidogo, makazi yaliyogawanywa katika jumuiya ndogondogo, zikiunganishwa na barabara za mabasi na njia za waendao kwa miguu, vilima vikiachwa na miti yake. Miaka ya 1980 msanifu wa New York, James Rossant, akachora kitovu cha mji mkuu, na sehemu kubwa ya alichokichora haikusimama kamwe. Hii ni ileile kazi ya Ruger na Fowler iliyopinduliwa: gridi kwanza, nyumba baadaye. Na kama wao, waliochora walikuwa wametembea. Wapima ardhi waliobeba minyororo na nguzo za alama kupita Kikuyu, Nkuhungu na Kizota kabla hapajawa na mtaa wanayajua makorongo ambayo mchoro haukuyataja.

Dodoma, isitoshe, ni mji wa ramani tangu zamani. Idara ya jiolojia iliweka makao yake hapa katika miaka ya 1920, na karatasi zake za miamba zimetoka hapa kwa vizazi. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Mji wa Serikali ukaanza kuota Mtumba. Siku hizi kijana mwenye droni hulipiga jiji picha kutoka juu kwa dakika kumi, bati za rangi zikimetameta mpaka Ihumwa. Picha zake ni nzuri. Lakini kamera huona kilichopo tu. Michoro ya 1976 ina kilichokusudiwa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo historia ya mji huu, ambayo haijaandikwa ipasavyo.

Mkusanyaji wa kweli hapa angekwenda Toronto na London kwa barua na mnada, sawa, lakini angeanza na kabati la jirani. Kopi zile za buluu za michoro ya viwanja hufifia zikipigwa na jua, na zilizotupwa jalalani tumeziona zikifungia karanga. Wapo wastaafu kati yenu, wapima, wachoraji ramani, makarani wa ardhi, madereva waliowabeba wageni wa Kanada, wenye mviringo wa karatasi juu ya kabati la nguo. Naombeni kitu kimoja. Ushusheni. Mkunjue mezani mahali pasipo jua, mwandike nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, mchoro ni wa nini, wa mwaka gani na nani aliushika, kisha muite mtoto au mjukuu mumwonyeshe nyumba yenu iko wapi katika mpango na ikoje ardhini. Baada ya hapo, kama hamna mahali pa kuutunza, msiuchome wala msiugawe vipande: upelekeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mdai risiti.